Mteremko Hauanguki kwa Mvua ya Siku Moja

Mteremko wowote, uwe wa theluji katika milima ya Alps au wa udongo katika vilima vya Pokot Magharibi, husimama kwa mizani ya nguvu mbili: uzito unaovuta kila kilicho juu kuelekea bondeni, na mshikamano, yaani nguvu inayofunga chembe kwa chembe na tabaka kwa tabaka ili zisiteleze. Hali ya hewa inapobadilika, nguvu zote mbili huguswa, lakini haziguswi kwa kasi moja, kwa kuwa uzito huweza kuongezeka kwa saa chache ilhali mshikamano huhitaji siku au majuma kujijenga, na hatari huzaliwa katika pengo hilo la wakati. Theluji nyingi iliyoanguka polepole inaweza kukaa mlimani hadi ikayeyuka bila kumdhuru mtu, na mvua nyingi iliyogawanyika katika miezi mitatu inaweza kunywewa na ardhi yote. Kiasi kidogo kuliko hicho, kikimwagwa usiku mmoja juu ya tabaka lililokwisha kudhoofika, huangusha upande mzima wa kilima pamoja na waliolala juu yake na chini yake. Kwa hiyo hatari ya mteremko haisomwi katika mvua ya siku moja, bali katika historia ya majuma yaliyoitangulia, na hiyo ndiyo hoja ambayo mazungumzo haya yanaitetea.

Msikilizaji wa Sarang'ombe, wadi yenye vijiji vya Gatwekera, Kisumu Ndogo, Kianda na Soweto Magharibi katika eneo bunge la Kibra, sehemu ya makazi ya Kibera jijini Nairobi, ana haki ya kuuliza theluji ya Ulaya inamhusu nini mtu anayepambana na tope la Aprili. Inamhusu kwanza kwa sababu elimu ya theluji ni miongoni mwa matawi machache ya sayansi yaliyochunguza kwa undani namna baridi, upepo na jua la leo vinavyohifadhiwa ndani ya mteremko na kuja kuua mwezi ujao, na kanuni zilizopatikana huko hazikomei kwenye theluji. Inamhusu pia kwa sababu wakazi wengi wa Kibera na Kawangware wana kwao magharibi mwa Kenya, ambako wazazi na ndugu zao wanalima na kulala kwenye miteremko, na kilima kinapoanguka huko, simu ya msiba hupokewa Nairobi.

Theluji iliyolala mlimani si kitu kimoja, bali ni rundo la matabaka ambayo kila moja linatunza kumbukumbu ya hali ya hewa iliyolileta na ya siku zilizofuata. Theluji iliyoanguka bila upepo huwa nyepesi na laini. Iliyosukumwa na upepo huvunjika kuwa chembe ndogo zinazobanana na kuwa ngumu. Iliyoyeyuka mchana na kuganda usiku huacha gamba la barafu. Mtaalamu anapochimba shimo wima ndani ya theluji na kuutazama ukuta wake, huweza kuonyesha kwa kidole dhoruba ya mwezi uliopita, juma la jua kali lililoifuata, na usiku wa baridi uliokuja baada ya hapo. Anachokitafuta hasa katika ukuta huo ni tabaka dhaifu, ambalo mara nyingi ni jembamba kuliko upana wa kidole, kwa sababu theluji yote iliyo juu yake, hata ikiwa na uzito wa mamia ya tani, imeegemea kitu kisichoweza kubeba.

Tabaka dhaifu huzaliwa kwa njia inayokwenda kinyume na matarajio ya watu wengi. Ardhi iliyofunikwa na theluji hukaa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, kwa kuwa theluji huzuia joto la ardhi lisitoroke, ilhali uso wa juu wa theluji, usiku wa anga lisilo na mawingu, huweza kupoa hadi nyuzi 20 chini ya sufuri. Tofauti hiyo ikizidi takribani nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 za kina, mvuke wa maji hutoka kwenye chembe zenye joto zilizo chini, hupanda, kisha hugandia kwenye chembe baridi zilizo juu yake, na kwa siku chache tu chembe zilizokuwa zimeungana huwa fuwele kubwa zenye pembe, zinazomwagika kama sukari zikishikwa mkononi. Theluji inapokuwa haba, umbali kati ya ardhi yenye joto na uso wenye baridi huwa mfupi, na mabadiliko haya huwa ya haraka zaidi. Ndiyo maana msimu unaoanza kwa theluji haba na baridi kali mara nyingi huwa wa hatari kuliko msimu unaoanza kwa theluji nyingi, kwa sababu uhaba wa Novemba hujenga msingi mbovu ambao dhoruba za Januari zitakuja kuukalia. Kuna pia mvuke wa hewani unaoganda juu ya theluji katika usiku mtulivu, ukafanya manyoya ya barafu yanayometameta asubuhi. Manyoya hayo yakifunikwa na theluji mpya kabla ya kuharibiwa na jua au upepo, hubaki ndani ya mteremko kwa majuma kadhaa yakiwa tabaka la kuteleza.

Juu ya udhaifu huo huja bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikana kiasi cha kusogea kwa pamoja kama kipande kimoja. Picha iliyo karibu na mkazi wa Kibera ni ya bati lililolazwa juu ya maharagwe makavu kwenye sakafu iliyoinama: bati lenyewe ni gumu na halina kasoro, lakini hatima yake inaamuliwa na kilicho chini yake. Mtu mmoja akipita juu ya bamba la namna hiyo, uzito wake huvunja sehemu ndogo ya tabaka dhaifu, mpasuko huo husambaa kwa kasi pembeni na juu, na mteremko mzima huachia. Katika ajali nyingi zinazowapata watu wa michezo ya theluji, yaani takribani 9 kati ya kila 10, aliyeangusha theluji ni mwathiriwa mwenyewe au mwenzake aliyeandamana naye. Mteremko wenyewe mara nyingi huwa na mwinamo wa kati ya digrii 30 na 45, kwa kuwa chini ya hapo uzito hauvuti vya kutosha, na juu ya hapo theluji hupukutika kidogo kidogo bila kupata nafasi ya kurundikana.

Kati ya mabadiliko yote ya hali ya hewa, upepo ndio unaodharauliwa zaidi. Anga linaweza kuwa safi na tone lisianguke, huku upepo ukizoa theluji ya upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili kwa kasi kubwa mara kadhaa kuliko ile ambayo mawingu yangeweza kuileta. Mteremko huongezewa mzigo katika siku ambayo mtazamaji aliye bondeni huiita siku nzuri. Joto nalo lina sura mbili. Likipanda taratibu, chembe huyeyuka kidogo, hushikana na theluji hutulia. Likipanda ghafla, maji hupenya kati ya chembe, viungo hulegea, na tabaka lililokuwa imara asubuhi huwa uji kufikia alasiri. Mvua juu ya theluji ni mbaya zaidi, kwa maana huongeza uzito papo hapo bila kuongeza mshikamano wowote. Baridi, ambayo watu wengi huiona kuwa rafiki wa usalama, kwa kweli huhifadhi tu kilichopo: ikilikuta tabaka imara, hulitunza, na ikilikuta tabaka bovu, hulitunza vilevile.

Milima ya Afrika Mashariki yenye barafu ni mitatu, nayo ni Kilimanjaro wenye kimo cha mita 5,895, Mlima Kenya wenye mita 5,199, na Rwenzori wenye mita 5,109, na katika milima hii maporomoko ya theluji ya aina iliyoelezwa hayajawahi kuwa tishio kubwa kwa wakazi wa chini. Karibu na ikweta hakuna msimu mrefu wa baridi wa kurundika matabaka kwa miezi mitano. Kila mchana jua huyeyusha na kila usiku baridi hugandisha, hivyo theluji kidogo inayoanguka ama hutoweka ama huwa gamba gumu kabla ya kupata muda wa kudhoofika kwa ndani. Hata hivyo hali ya hewa inayobadilika imeigusa milima hii kwa njia nyingine. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua eneo lake kwa takribani asilimia 85, na barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko nyingine zote za Mlima Kenya, ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Katika kilele cha Kilimanjaro, ukame wa hewa una mchango mkubwa katika upungufu huo pamoja na joto, kwa sababu theluji mpya nyeupe ndiyo inayorudisha mwanga wa jua angani, na isipoanguka, barafu kuukuu yenye rangi ya vumbi huumeza mwanga huo na kuliwa nao.

Barafu inapoondoka huacha kazi iliyokuwa ikiifanya bila kusifiwa, yaani kushikilia mawe. Katika miamba ya juu, barafu iliyojaa ndani ya nyufa na kati ya changarawe hufanya kazi ya saruji, na ikiyeyuka, mawe yaliyosimama kwa karne nyingi hubaki yamepumzika juu ya mengine bila kiungo. Januari 4, 2006, mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Ajali hiyo haielezwi na hali ya hewa ya siku hiyo pekee. Yaelekea ilikuwa zao la mabadiliko ya miongo mingi yaliyokamilika asubuhi moja, na kwa hiyo inafaa kuwekwa katika fungu moja na maporomoko ya theluji, ingawa hapakuwa na theluji iliyoporomoka.

Ukitoka kwenye barafu na kushuka kwenye udongo, mizani inabaki ileile, na kinachobadilika ni mahali pa udhaifu. Udongo wenye unyevu kidogo hushikana kuliko uliokauka kabisa, kama anavyojua kila aliyewahi kukanda udongo wa kukandika nyumba, kwa kuwa utando mwembamba wa maji huzivuta chembe pamoja. Maji yakiendelea kuingia hadi nafasi zote kati ya chembe zikajaa, mvuto huo hutoweka na badala yake huja shinikizo, yaani maji yaliyobanwa huanza kuzisukuma chembe ziachane na kuubeba udongo kutoka ndani. Shinikizo hilo huwa kubwa zaidi pale maji yanapokwama, na aghalabu hukwama mahali ambapo udongo laini umelalia mwamba au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji. Hapo ndipo mteremko wa udongo unapopata tabaka lake dhaifu, ambalo halionekani kwa anayetembea juu, na ambalo mvua ya mwezi mzima imekuwa ikiliandaa huku mahindi yakistawi na wakulima wakishukuru.

Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, maporomoko ya udongo yalizika nyumba katika vijiji vya Pokot Magharibi, vikiwemo Nyarkulian na Parua, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Mvua ya usiku huo ilikuwa kubwa, lakini haikuanguka juu ya ardhi kavu. Msimu wa mvua fupi wa mwaka huo ulitawaliwa na hali ya Bahari ya Hindi ambapo maji ya upande wa magharibi, karibu na pwani ya Afrika Mashariki, huwa na joto kuliko kawaida huku ya upande wa Indonesia yakiwa baridi, na tofauti ya 2019 ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi zilizowahi kurekodiwa. Tangu Oktoba mawingu yalikuwa yakimwaga maji juu ya vilima hivyo, na kufikia wiki ya nne ya Novemba udongo haukuwa na nafasi ya kupokea zaidi. Kama mvua ya usiku ule ingeanguka mwanzoni mwa Oktoba, yaelekea ingeingia ardhini na habari ikaishia hapo.

Mfano huo umejirudia kwa namna inayosikitisha. Khuvasali katika Kakamega ilipata msiba wake Agosti 2007; Chesegon, mpakani mwa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, Aprili 2020; Chesongoch katika Marakwet Mashariki, usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ambapo zaidi ya watu 20 walikufa. Upande wa Uganda wa Mlima Elgon, kijiji cha Nametsi katika wilaya ya Bududa kilizikwa Machi 1, 2010, pamoja na soko na kituo cha afya, na waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mlima, na baadhi yao wakarudi, jambo ambalo maafisa wamelieleza mara nyingi kuwa ni ukaidi, ingawa mtu anayelima udongo wa volkano unaotoa ndizi na kahawa bila mbolea, akapewa ardhi ya aina nyingine bila msaada wa kutosha, hafanyi ukaidi anaporudi bali anafanya hesabu. Nchini Tanzania, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka na kuteremsha tope, mawe na miti hadi mji wa Katesh, na watu wapatao 89 wakafariki.

Maafa ya Mai Mahiu, nchini Kenya, ya Aprili 29, 2024 huwekwa mara nyingi katika orodha hiyo, lakini yanastahili kutengwa. Huko maji ya mvua yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya maji iliyopita chini yake ilikuwa imeziba, na tuta liliposhindwa, ukuta wa maji ulishuka bondeni kabla ya alfajiri na kuua zaidi ya watu 50. Kilichoshindwa pale hakikuwa mteremko wa asili, bali kazi ya mkono wa binadamu iliyokosa kusafishwa, na kuita kila msiba wa mvua kuwa ni hasira ya mlima ni njia rahisi ya kumsamehe aliyepaswa kuzibua mfereji.

Miti nayo inahitaji kutajwa, ingawa katika mikutano ya hadhara hutajwa kupita uwezo wake. Mizizi hushona udongo wa juu na kuufunga, nayo miti hunywa maji na kuyarudisha hewani, hivyo kilima kilichofyekwa huanguka upesi zaidi katika maporomoko madogo yasiyo na kina. Lakini maporomoko makubwa ya Elgon mara nyingi hukatika kwenye kina ambacho mizizi ya miti mingi haifiki, na hapo msitu mzima huweza kushuka ukiwa umesimama. Kupanda miche ni jambo jema. Kuwaambia watu kwamba miche hiyo itawalinda dhidi ya mteremko uliokwisha kupasuka juu ya nyumba zao ni kuwadanganya.

Swali la mabadiliko ya tabianchi lina jibu lenye sehemu mbili, na ni heri sehemu hizo zisichanganywe. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya ongezeko, na kwa hiyo dhoruba inapotokea huwa na maji mengi zaidi ya kumwaga kwa muda mfupi, jambo ambalo kwa mteremko ni baya kuliko jumla ya mvua ya mwaka kuongezeka. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilipochunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Pembe ya Afrika lilikadiria kwamba ongezeko la joto duniani liliziongezea nguvu hadi mara mbili. Lilipochunguza mvua za Machi hadi Mei 2024, mchango huo ulionekana kuwa mdogo, takribani asilimia 5, na uzito wa ripoti ukaangukia ukuaji wa miji na watu kujenga mahali penye hatari. Matokeo hayo mawili hayapingani. Yanaonyesha kwamba hali ya hewa hubadilisha mzigo, na watu hubadilisha mteremko, na mwaka mmoja lawama huielemea zaidi hali ya hewa, mwaka mwingine watu.

Kuhusu namna ya kutoa tahadhari, Uswisi ilianza kuliona tatizo la theluji kuwa suala la kitaifa katika miaka ya 1930, ikaanzisha utafiti mjini Davos, na leo wachunguzi waliosambaa milimani hupeleka vipimo kila siku ili taarifa ya hatari itolewe kwa umma. Tangu 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja chenye viwango 5, ambacho hakisemi theluji itaanguka kiasi gani, bali husema mteremko una uwezekano gani wa kuachia. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ni kubwa katika matumizi, na kipimo hicho kimefundisha jambo jingine lisilotarajiwa: sehemu kubwa ya vifo hutokea katika kiwango cha 3, wala si cha 5, kwa sababu katika kiwango cha 5 barabara hufungwa na watu hukaa ndani, ilhali katika kiwango cha 3 kila mtu hujipa matumaini. Mei 2025 wakazi wapatao 300 wa kijiji cha Blatten, nchini Uswisi, walihamishwa baada ya mlima ulio juu ya barafu kuanza kusogea, na siku 9 baadaye, Mei 28, barafu na mawe vikakifunika kijiji karibu chote. Mtu mmoja tu alikufa, aliyekuwa nje ya eneo lililohamishwa.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga ya Kenya hutoa tahadhari za mvua kubwa, na tahadhari hizo mara nyingi zimekuwa sahihi, ila zinazungumzia mawingu. Mtu wa Chesongoch anapoambiwa kwamba zaidi ya milimita 20 zinatarajiwa katika saa 24, haambiwi kwamba kilima kilicho nyuma ya nyumba yake kimekwisha kunywa mvua ya mwezi mzima, na kwa hiyo milimita 20 za leo si sawa na milimita 20 za mwezi uliopita. Kujaza pengo hilo hakuhitaji setilaiti mpya. Kipimamvua cha kawaida katika shule ya msingi, daftari, na mwalimu anayejumlisha mvua ya siku 10 zilizopita vingetosha kumpa chifu msingi wa kusema kwamba usiku huu watu walale kwingine. Kibera yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba jambo la namna hiyo linawezekana, kwa maana mradi wa DARAJA uliwaunganisha watabiri wa Idara na wakazi wa makazi yasiyo rasmi ya Nairobi na Dar es Salaam ili utabiri ufike kwa lugha inayoeleweka na kwa njia ambazo watu huzitumia, zikiwemo redio za mtaani.

Sarang'ombe haina mlima, lakini ina miteremko. Ardhi yake huteremka kuelekea mto Motoine na Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 kuhifadhi maji ya jiji na ambalo leo limesongwa na magugu na uchafu. Sehemu nyingi za mteremko huo si ardhi ya asili. Ni matabaka ya takataka, kifusi, majivu na udongo wa kuletwa, yaliyoshindiliwa kwa miguu ya wapitao na kujengewa nyumba, na kila tabaka lina umri wake na ugumu wake, kwa namna ambayo mchunguzi wa theluji angeitambua mara moja. Juu yake kuna mashimo ya vyoo yanayopenyeza maji ardhini hata wakati wa kiangazi, mabomba ya plastiki yanayovuja, na kuta za udongo zilizochimbwa wima ili kupata nafasi ya chumba kimoja zaidi. Kwa hiyo sehemu ya kazi ambayo mvua ya majuma kadhaa huifanya huko Pokot, hapa hufanywa mwaka mzima na maji ya matumizi ya nyumbani, na mvua ya kwanza kubwa ya Aprili huukuta mteremko ukiwa tayari umeloa. Karibu na bonde hali hugeuka, kwa kuwa hapo hatari kuu ni mto kufurika, kama ilivyoshuhudiwa katika mafuriko ya 2024, na dawa yake ni tofauti.

Mteremko unaokaribia kuachia hutoa ishara, japo si kila mara. Nyufa ndefu hujitokeza ardhini zikiukata mteremko kwa upana. Milango iliyokuwa ikifunga vizuri hukwama. Nguzo za stima na nyua huanza kuinama upande wa chini. Maji hububujika mahali ambapo hayakuwahi kutoka, au chemchemi ya siku zote hukauka ghafla au hubadilika rangi na kuwa tope. Hakuna ishara kati ya hizo inayongoja mvua inyeshe wakati huohuo, na baadhi ya maporomoko huja saa kadhaa baada ya mvua kukatika, wakati ambapo maji bado yanashuka ndani ya udongo na watu wamekwisha kurudi kuokota mali zao. Waokoaji nao wako hatarini, kwa kuwa poromoko la kwanza huacha ukuta mpya ulio wima usio na cha kuegemea.

Serikali za kaunti zenye vilima na Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga zinapaswa kuanza kutangaza, pamoja na mvua inayotarajiwa, jumla ya mvua iliyokwisha kunyesha, tarafa kwa tarafa, katika kila msimu wa mvua ndefu na mvua fupi. Hadi hilo litakapofanyika, mkazi wa Kibera au Kawangware anayepiga simu nyumbani wakati wa mvua aulize imenyesha siku ngapi mfululizo, aulize kama kuna ufa wowote juu ya boma, aulize kama maji ya kisima yamebadilika rangi. Na majibu yakiwa mabaya, aiombe familia ikalale kwa jirani aliye mahali tambarare usiku huohuo, bila kungoja kupambazuke.